Baba kijana, mtoto mchanga na teze: nani alimbeba jana, nani anambeba leo

MOKAMBO, Haut-Katanga. Kila mwaka wa masomo, vijana wa Mokambo, wa Sakania na wa vijiji vya kando ya mpaka wanapanda gari kwenda Lubumbashi kusoma. Wanaingia kampasi wakiwa watoto wa nyumbani. Wengi, siku ya kutetea memwari, wanakuwa na bibi aliyekaa nyuma ya chumba akimtuliza mtoto asilie mbele ya maprofesa.

Hesabu inaeleza jambo hilo. Kwa mfumo wa zamani, graduat ilikuwa miaka 3, licence miaka 2. Anayetaka kuendelea alifanya tena masomo ya juu kwa miaka miwili, kisha teze ya udaktari, ambayo mara nyingi ilichukua miaka mingi kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Mfumo mpya wa LMD, ulioanza kutumika nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unasema licence miaka 3, masta miaka 2, udaktari miaka 3. Kwa vyovyote vile, kijana aliyemaliza sekondari akiwa na miaka 19 anafika mwisho wa masomo yake akiwa na umri ambao baba yake alikuwa tayari na watoto wawili au watatu.

Hapo wazee huuliza: huyu atamaliza lini? Na mtoto anakula nini wakati baba anaandika? Swali ni la haki. Ila baba kijana wa zamani hakuachwa peke yake kama wa leo. Kulikuwa na mtu wa kumbeba: kwanza ukoo, halafu kampuni, halafu serikali. Historia ya Katanga ni pia historia ya mzigo huo, jinsi ulivyotoka bega moja kwenda bega lingine.

Jina jipya la baba

Katika eneo hili la mpaka, kwa Walamba, Wabemba na jamaa zao, mtoto wa kwanza humpa baba jina. Mtu aliyezaa Mulenga anaitwa Bashi Mulenga, na mama yake mtoto ni Bana Mulenga. Hata leo, sokoni Mokambo na ng'ambo kule Mufulira, watu wanasalimiana hivyo. Jina la ujana linawekwa kando. Kumwita baba wa mtu kwa jina lake la utoto ni kumkosea heshima.

Lakini heshima hiyo haikumaanisha kwamba kijana anabeba nyumba peke yake. Kwa Wabemba na Walamba ukoo hufuatwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Zamani mwanaume aliyeoa alikwenda kuishi kwanza kwa wakwe, akilima shamba lao, akikata miti, akijenga. Alikuwa baba, na wakati huohuo alikuwa kama mwanafunzi: anafanya kazi chini ya macho ya wakubwa, anapimwa, anasubiri siku ya kuruhusiwa kuchukua bibi na watoto kwenda kwake. Chakula cha mtoto kilitoka katika ghala la nyumba nzima. Hakuna aliyemuuliza kijana yule mshahara wake ni kiasi gani.

Kwa Waluba wa Katanga mambo yalikuwa tofauti, kwa maana ukoo hufuatwa upande wa baba. Hata hivyo kule pia mtoto mchanga alikuwa na wazee wengi wa kumlea, na baba kijana alikaa chini ya mkono wa baba yake.

Kampuni inakuwa baba

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilipita Sakania na kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza iliyeyushwa. Katika miaka ya mwanzo, kampuni ilitaka mikono tu. Wanaume waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walikuja bila bibi na waliishi kambini katika hali ngumu. Magonjwa yaliua wengi. Mkataba ukiisha, waliondoka, na kampuni ikaanza upya kutafuta wengine.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Ilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kumtaka mfanyakazi aje na bibi yake. Nyumba za familia zilijengwa kambini. Posho, yaani chakula kilichogawiwa, ilihesabiwa kwa mfanyakazi, kwa bibi yake na kwa kila mtoto. Mama mwenye mimba alipimwa, alizaa katika hospitali ya kampuni, na mtoto alipelekwa kupimwa uzito. Shule za kambi ziliachwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa waliosimamia siasa hiyo, aliandika wazi nia yake: familia yenye afya na utulivu ingeleta mfanyakazi mwema, na watoto wake wangekuwa wafanyakazi wa kesho.

Kwa baba kijana wa wakati ule, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Mtoto alipozaliwa, posho iliongezeka. Hakuwa na haja ya kwenda kwa wakwe, wala kwa mjomba. Jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kadi, na kadi ndiyo iliyofungua mlango wa hospitali, wa shule na wa ghala la unga. Ukoo wa mama, uliokuwa na neno kubwa kijijini, kambini haukuwa na kadi.

Wema huo ulikuwa na bei. Baba akifukuzwa kazi, familia inatoka nyumbani. Akigombana na mkubwa wake, unga wa watoto uko hatarini. Na mshahara wenyewe ulibaki mdogo. Wakati wa vita kuu ya pili bei zilipanda, na mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika kwenye kiwanja cha mpira Elisabethville, na makumi ya watu walikufa. Wengi wao walikuwa baba wa familia. Kampuni iliyojiita mlezi ilikuwa imeonyesha mpaka wa malezi yake.

Kuna jambo jingine ambalo kampuni haikutoa: masomo ya juu. Ilihitaji fundi, karani na mwuguzi. Mtoto wa kambi alijua kusoma, kuandika na kufuata saa ya king'ora. Mlango wa chuo kikuu ulikuwa bado umefungwa.

Kampasi inafunguliwa

Chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville kiliundwa mwaka 1955, kikaanza masomo mwaka 1956, kwa jina refu la Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Kinshasa, ambayo iliitwa Léopoldville, ilikuwa na Lovanium tangu mwaka 1954. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30. Ndiyo sababu kijana aliyesoma wakati huo alihesabiwa kama mali ya nchi nzima.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilivikusanya vyuo vikuu vyote katika kimoja, UNAZA. Kitivo cha barua kikahamishiwa Lubumbashi, na kampasi ya barabara ya Kasapa ikapokea wanafunzi na walimu kutoka kila jimbo. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyepata udaktari Louvain mwaka 1970, alifundisha hapo kabla ya kuondoka nchini na kujulikana ulimwenguni. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, kampasi ikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kama ilivyo hadi leo.

Katika miaka hiyo serikali ilishika nafasi ya mlezi kwa mwanafunzi. Alipewa bursi, yaani pesa za serikali kwa masomo yake. Alipewa kitanda katika nyumba za kampasi na chakula katika jengo la kulia. Bursi haikuwa kubwa, na migomo kuhusu kuchelewa kwake ilikuwa ya kawaida. Lakini mwanafunzi aliyekula kampasi hakugusa chakula cha mtoto nyumbani. Aliyekuwa na familia aliweza kutuma kitu kidogo. Baadaye, akibaki chuoni kama asistanti, alikuwa na mshahara, na watu wa mtaa walimwita mkubwa.

Na kwa wale ambao baba zao walikuwa kambini, walezi walikuwa wawili. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini njia zake zilibaki: unga kila mwezi, hospitali, shule. Mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines aliyesoma UNILU, akizaa mtoto kabla ya kumaliza, alijua kwamba nyumbani kwa wazazi unga upo. Mtoto alilelewa na bibi yake kambini, na baba aliendelea na masomo.

Walezi wawili wanaanguka pamoja

Ndani ya miaka michache, yote mawili yalianguka.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi waliuawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na pamoja nao yakaondoka maabara, vitabu na nafasi za masomo ya nje. Bursi, ambayo thamani yake ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei, ilikoma kuwa na maana, halafu ikakoma kabisa. Jengo la kulia halikulisha tena. Walimu wenyewe hawakulipwa, na katika miaka ya 1990 wazazi walianza kuchangia mishahara yao ili shule na vyuo visifungwe kabisa. Hapo ndipo mzigo ulipogeuka: badala ya serikali kumlipa mwanafunzi, jamaa ya mwanafunzi ilianza kumlipa profesa.

Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Pesa ya nchi iliharibika kiasi kwamba mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000.

Katikati ya mashaka hayo, jimbo liliwafukuza watu wake. Kuanzia mwaka 1992, baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu kwenye Mkutano Mkuu wa Taifa, Wakasai waliokuwa wamekaa Katanga kwa vizazi viwili au vitatu walifukuzwa nyumbani na kazini. Kwenye kituo cha reli cha Likasi familia zilikaa miezi zikisubiri treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wengi hawakuwahi kuiona. Kati yao walikuwamo walimu, mafundi na wanafunzi wenye bibi na watoto wachanga. Masomo yaliyobaki mwaka mmoja kuisha yaliisha pale, kwenye kituo.

Mwanahistoria wa UNILU, profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ambaye kwa miaka mingi alikusanya kumbukumbu za wakaaji wa Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga. Kichwa chake kwa Kifaransa kinasema «Bana Shaba abandonnés par leur père», yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Watu wa kambi walielewa mara moja, kwa sababu wao wenyewe walizoea kusema hivyo.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, waliokuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, waliondolewa kazini katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa pesa mara moja na kuambiwa ajitegemee. Wengi walitumia pesa hizo kulipa madeni, karo ya watoto na kununua kiwanja. Unga wa kila mwezi haukurudi tena.

Siku ya baba anayeandika

Baba wa leo anayemaliza masomo Lubumbashi anaishi juu ya mabaki hayo. Ushirikiano na vyuo vya Ubelgiji ulirudi katika miaka ya 2000, na wachache wanapata nafasi ya kuandika teze kwa zamu, miezi kadhaa Ulaya na miezi mingine Lubumbashi. Wengine wote wanajitafutia.

Siku yake inaanza kabla ya jua, kwa maji. Bomba likitoka, linatoka usiku au alfajiri, na nguo za mtoto haziwezi kusubiri. Halafu kazi. Asistanti anafuata masomo ya profesa wake, anasahihisha karatasi za wanafunzi mamia, kisha anakimbilia kufundisha saa chache katika chuo kingine au shule ya sekondari. Mwingine amepata mkataba mfupi kwa kampuni ndogo inayofanyia kazi migodi, anafanya zamu ya usiku, anasoma kwenye basi. Mwingine anaendesha pikipiki au anauza vocha za simu. Jioni komini ya Katuba au ya Ruashi inaweza kukosa umeme. Betri ya kompyuta ikiisha, kurasa za siku hiyo zimeisha. Mtoto akilala, baba anaandika kwa mwanga wa simu.

Sheria inamkumbuka mfanyakazi kidogo. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na baba siku 2 bibi yake anapozaa. Mwanafunzi hana hata hizo mbili. Mtihani ukianguka siku ya uzazi, anachagua.

Halafu kuna bili ya uzazi. Katika Kongo inajulikana kwamba mama aliyezaa na kukosa pesa anaweza kubakizwa hospitalini pamoja na mtoto mpaka jamaa walipe. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi, ulieleza hali hiyo waziwazi: wanawake waliobakizwa, siku zinazohesabika, jamaa wanaozunguka mji kutafuta pesa. Mara nyingi ni wale waliozaa kwa kupasuliwa, ambao bili yao ni kubwa zaidi. Kwa baba asiye na mshahara, pesa iliyowekwa kwa ajili ya kuchapisha memwari au kulipa ada ya utetezi ndiyo inayotoka kwanza. Teze inangoja mwaka mwingine. Ukiona kijana amechelewa kumaliza, mara nyingi jibu liko kwenye risiti ya hospitali.

Anayelisha nyumba ni nani

Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimweka bwana kuwa kichwa cha nyumba, na ilimtaka bibi apate ruhusa yake kwa mambo mengi ya kisheria, hata kazi. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Lakini maisha yalikuwa yametangulia sheria kwa miaka zaidi ya 20. Tangu kambi zilipoacha kugawa unga, wanawake ndio waliolisha Lubumbashi. Wanauza kwenye soko la Kenya, kwenye soko la Mzee Kabila, mbele ya mlango wa nyumba: unga kwa meka, mafuta kwa chupa ndogo, makala kwa kimfuko, sukari kwa kijiko. Wanaweka likelemba, na zamu ya mama ikifika, ada ya masomo ya bwana inalipwa.

Watu wa Mokambo wanajua biashara hiyo kwa upande wake mwingine, kwa sababu sehemu ya unga huo hupita hapa. Mvua ikikosekana Zambia, kama msimu wa 2023-2024, meka inapanda Lubumbashi. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka wake kwa siku chache Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu ya ugomvi wa biashara, wafanyabiashara wadogo walikaa pembeni ya barabara na magunia yao. Mama anayeuza unga Katuba ili bwana wake amalize teze anategemea mpaka huu bila kuuona.

Kwa hiyo kichwa cha teze kina jina moja tu, la mwandishi. Ukurasa wa shukrani, pale mbele, ndio unaobeba majina mengine: mama mzazi, wakwe, dada aliyemlea mtoto miezi sita, bibi aliyeuza sokoni. Ni vema wasomaji wa kesho wausome ukurasa ule kwa makini, maana ndiyo orodha ya waliolipa.

Na mara nyingi bibi mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Mtoto alipozaliwa, mmoja ilibidi asimame ili mwingine aendelee, na karibu kila mara aliyesimama ni mama. Familia inayompigia makofi baba siku ya utetezi ina deni: kuuliza masomo ya mama yatarudi lini.

Kwa familia zilizohama

Historia hii si ya Katanga peke yake. Kaskazini ya jimbo, vita vya miaka ya 2000 kati ya Mitwaba, Manono na Pweto viliwatoa watu wengi vijijini. Mashariki ya nchi, Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kati ya waliohama kuna baba waliokuwa wamebakiza somo moja, memwari moja, utetezi mmoja, na sasa wanalala kwa jamaa na mtoto mchanga.

Waliopitia Likasi mwaka 1992 na 1993 wanaweza kuwaambia jambo moja la faida: waliobeba karatasi zao waliweza kuanza tena kwa urahisi zaidi kuliko walioziacha. Diploma ya serikali, orodha za alama, barua ya kusajiliwa, ukurasa wa kwanza wa memwari wenye jina la profesa. Leo karatasi hizo zinaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa watu wawili wanaoaminika walio miji tofauti. Ni kazi ya dakika kumi, na inaweza kuokoa miaka mitano.

Karatasi ya mtoto inakuja kabla ya hizo zote. Sheria inawapa wazazi siku 90 kumtangaza mtoto kwenye ofisi ya raia. Zikipita, inabidi kutafuta hukumu ya mahakama, na hukumu inahitaji safari, mashahidi na pesa. Mtoto aliyezaliwa njiani au kambini ana haki ileile kama aliyezaliwa nyumbani. Karatasi iliyotolewa na hospitali au na mkunga ihifadhiwe, hata kama imelowa, kwa sababu ndiyo inayoanzisha kila kitu.

Jambo la tatu ni la watu wa nyumba. Zamani, kijana aliyezaa kabla ya kujitegemea alipewa pembe ya shamba na muda. Kisha kampuni ilimpa posho, na serikali ikampa bursi. Posho imekwisha na bursi imekwisha. Kilichobaki ni kile kilichokuwapo mwanzo: wakwe, mjomba, mama mkubwa, jirani. Anayemuuliza baba kijana atamaliza lini, amuulize pia mtoto atakaa na nani wiki ya utetezi, na nani atachota maji siku hiyo. Hayo ndiyo maswali ambayo mzee wa Kilamba angemuuliza mkwe wake, na baada ya kuuliza angempa mtu wa kumsaidia.